Nywele za Hezekiah na za Madam Hessa

Baridi ya Riyadh ikishaingia, wengine hubadili mapazia na mazulia. Madam Hessa hubadili kichwa. Kiangazi kile alikuwa na blondi ya rangi ya mchanga mkavu, karibu nyeupe, na ilimpendeza kwa sababu alikuwa ametoka Ulaya kuota jua. Lakini Desemba ya 2015 uso wake ulikuwa umepauka, na nywele zile juu ya uso ule zikamfanya aonekane kama mtu aliyetoka wodini juzi. Harusi ya mdogo wake ilikuwa Jeddah, kabla ya mwezi kwisha. Nyumba nzima ikakosa amani.

Hezekiah, dereva wa nyumba ile, aliyajua hayo yote bila kuziona nywele zenyewe. Miaka yote aliyomwendesha madam hakuwahi kuona hata unywele wake mmoja. Kwenye kioo cha gari alikuwa akiona baibui jeusi tu. Habari za nywele alizipata kwa Roselyne, mlangoni mwa jikoni.

Roselyne alikuwa msusi pale Luanda sokoni, huko Vihiga. Wakala wa Nairobi alimwapia kwamba anakwenda kufanya kazi kwenye saluni kubwa, akamwonyesha mpaka picha ya viti. Alipofika, saluni ikageuka kuwa jiko na vyoo saba. Kichwa cha kutengeneza kilikuwa kimoja tu, cha madam, na hicho alikishika baada ya vyoo kwisha. Wakala akabadilisha namba ya simu. Wakubwa waliompa leseni wakala huyo wako kwenye viti vyao mpaka leo, na wanaitwa waheshimiwa.

"Shemeji," Roselyne alikuwa akimtania Hezekiah, "unafanana na shamba la chai ambalo mwenyewe amekimbia madeni."

Alimwita shemeji kwa sababu ukoo wake ndio ukoo wa Mirriam, marehemu mke wa Hezekiah. Na shamba la chai lilikuwa ni nywele zake. Hakuzigusa tangu Septemba, tangu Mirriam alipofia kwenye hospitali yenye jengo jipya na bamba la shaba lenye jina la mkubwa aliyelifungua. Bamba lilikuwapo. Oksijeni haikuwapo. Akazikwa bila mumewe, kwa sababu Baba Mishal, mume wa madam na kafili wake, yaani mwajiri aliyemdhamini nchini, alikataa kutia sahihi ruhusa ya kutoka nchini.

Kwao, mume aliyefiwa hunyolewa. Hanyoi mwenyewe wala haendi kwa kinyozi. Anakaa kwenye kigoda mbele ya nyumba yake, watu wa upande wa mke wanakuja, mmoja wao anashika wembe, na nywele za msiba zinaanguka pale pale nyumbani. Mpaka hapo, yeye na marehemu bado hawajaagana. Watu wa kina Mirriam walikuwa wamemvumilia. Walipanga siku iwe kesho yake ya Krismasi, watu wakiwa wamerudi kutoka mijini. Asipofika, walisema, watamkalisha kigodani ndugu yake wanyoe huyo, kama inavyofanywa kwa mume aliyepotea asijulikane kama yu hai. Jambo hilo lilimuuma Hezekiah. Yeye hakupotea. Aliyemficha alijulikana, na alikuwa na ikama yake, kibali chake cha kuishi nchini, mfukoni.

Alijaribu kumweleza Baba Mishal.

"Mke amezikwa?" Baba Mishal aliuliza.

"Amezikwa, bosi."

"Halas, basi. Sasa unakwenda kufanya nini? Mwombee hapa hapa. Mungu yuko hapa pia."

Kwa Baba Mishal maiti huzikwa siku ile ile na watu wakarudi kwenye shughuli zao. Kusafiri bahari na nchi ili kunyolewa nywele, miezi mitatu baadaye, kulikuwa mchezo wa watu wasio na kazi.

Roselyne ndiye aliyemwonyesha njia. "Nyumba hii, shemeji, ruhusa haitoki kwa baba. Inatoka kwenye kioo cha madam. Ngoja nimpake rangi. Mtu akiwa na rangi kichwani hawezi kuinuka akuache unaongea."

Na kweli. Siku ya kuchagua, alimkalisha madam karibu na dirisha ili mwanga wa mchana umpige usoni, akawa anashikilia vishungi vya mfano shavuni mwake, kimoja baada ya kingine. Madam alikuwa na hamu ya rangi ya majivu, kwa kuwa rafiki yake mmoja alikuwa nayo. Kishungi cha majivu kikawekwa. Madam akajitazama, akashika shavu, akauliza kama anaumwa. Kikawekwa cha asali, chenye uwekundu wa mbali kwa chini. Madam akatabasamu kabla hajajua anatabasamu.

"Hapo hapo nikaingiza jina lako," Roselyne alisimulia, huku akiigiza madam kwa kujishika mashavu mlangoni. "Akasema, 'Nikipendeza Jeddah, siku ya pili Baba Mishal atatia sahihi.' Ameapa, shemeji. Ameapa na mkono kifuani."

Tangu hapo nywele za Madam Hessa zikawa kazi ya Hezekiah pia. Alitumwa yeye kununua rangi. Roselyne alimfungia kishungi cha asali kwenye karatasi laini akamwambia asikubali chochote kisichofanana nacho. Dukani akakuta maboksi yamejaa rafu nzima, na kila boksi lilikuwa na picha ya mwanamke iliyopakwa wino mweusi. Kuna mkubwa mahali fulani aliyeona picha hizo ni haramu, na mwenye duka, kwa woga wa kufungiwa, alikuwa amepitisha kalamu nene juu ya uso, shingo na nywele zenyewe. Rangi zote za duka lile zilikuwa nyeusi.

"Hii ni rangi gani?" Hezekiah aliuliza.

"Hiyo nzuri," mwenye duka akasema.

"Na ile?"

"Ile pia nzuri."

Hezekiah akafungua karatasi yake. Mwenye duka, mtu wa Yemeni mwenye tumbo la kucheka, akakiona kishungi akapiga meza. "Oho! Madam wa nyumbani? Mkeo amegeuka Mfaransa?"

"Mke wangu yuko udongoni."

Kicheko kikafa. Yule Myemeni akainama chini ya meza, akatoa kadi iliyobandikwa nywele za kila rangi, kitu alichokuwa akiwaficha wakaguzi. Wakazipeleka mlangoni kwenye jua, vichwa vimegusana, wanaume wawili wazima wanalinganisha nywele za wanawake. Walipoipata rangi iliyokuwa sawa, mwenye duka alimfungia kopo la mafuta ya nywele juu yake, akakataa kulipwa.

Rangi ikakubali. Lakini kupaka ni kazi ya siku moja, kutunza ndiko kazi, na baridi ya Riyadh ni kavu, inakausha nywele zikakatika kama nyasi za kiangazi. Roselyne alizima hita ya chumba madam akilala, akamwosha kwa maji ya vuguvugu badala ya yale ya moto aliyoyapenda, akamfunga mafuta na taulo, na mara moja kwa wiki akamtia shampuu ya zambarau ili asali isigeuke rangi ya machungwa. Madam alilalamika kuhusu maji. Hezekiah alikuwa akiuliza kila asubuhi, "Zimeamkaje?" kama mtu anayeuliza hali ya mgonjwa.

Wakaenda Jeddah kwa gari, mchana kutwa, jangwa upande huu na jangwa upande ule. Nywele zilikaa nyuma chini ya hariri, na kila walipopita tuta Roselyne alishika pumzi.

Harusini Hezekiah alikaa kwenye maegesho na madereva wenzake. Ngoma alizisikia kwa mbali. Roselyne alipotoka, macho yake yalikuwa yanawaka. "Wamemzunguka kama nyuki! Bibi harusi mwenyewe amesahaulika. Shangazi zake wote wananiuliza, ni wewe uliyempaka? Ni wewe? Funga mizigo, shemeji."

Akafunga. Begi lake lilikuwa dogo, halikuchukua muda.

Asubuhi yake akasimama mbele ya Baba Mishal kwenye lango la nyumba ya ukweni walikofikia.

"Bosi, madam aliahidi. Baada ya harusi."

"Sasa hivi? Mafi. Haiwezekani." Baba Mishal hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililouma. Alikuwa na furaha. "Hujasikia? Dada zake, shangazi zake, wote wa mtaa wa Rawdah, wanataka rangi ile ile. Roselyne atakwenda nyumba hii, kesho ile. Na rangi inataka kutunzwa kila wiki, yeye mwenyewe amesema. Nani atamwendesha? Tutakaa Jeddah baridi yote. Wewe utakwenda baada ya Ramadhani."

"Bosi, madam aliapa."

"Madam anasema nywele zimependeza. Wewe shukuru."

Basi ndivyo ilivyo kwa wenye mamlaka. Ungeshindwa, wangekunyima kwa kushindwa. Umefaulu, wanakunyima kwa kufaulu. Hezekiah akarudisha begi chini ya kitanda.

Roselyne alimkuta anaosha gari ambalo lilikuwa safi. Alikuwa na kapu la nguo za kuanika, akaliweka chini.

"Ni mimi nimekuharibia," alisema. "Ningempaka vibaya kidogo tu."

"Ungempaka vibaya ungekuwa wapi saa hizi?"

"Bado naweza." Akashusha sauti. "Ile shampuu ya zambarau. Inakaa dakika chache tu. Nikiisahau kichwani, na mtu husahau, atatoka pale na rangi ya biringanya. Hakuna shangazi atakayeniita tena. Watakimbilia Riyadh wajifiche, na wewe dereva watakuona wa nini? Watakuachia uende."

Hezekiah akacheka. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu Septemba, na kilimshtua mwenyewe. Biringanya! Akamwona madam ndani ya baibui lake, anawaka zambarau. Kwa muda mfupi aliitaka picha ile kwa moyo wote. Siku zilikuwa bado zinatosha. Neno moja tu, na Roselyne angelitekeleza. Alimjua.

Kisha akakumbuka mwezi ule Roselyne alipovunja birika la wageni, akafungiwa stoo na mlo wake ukawa ni mkate unaopitishwa chini ya mlango.

"Birika lilikuwa birika," alisema. "Hiki ni kichwa cha mtu. Watakufanya nini?"

"Nitavumilia."

"Na nani atakuja kukutoa? Wakala wako? Wakubwa waliotupa ile namba ya kupiga tukipata shida? Inalia tu, shemeji. Mimi nimeipiga Mirriam akiwa anakata roho. Inalia tu." Akakamua kitambaa. "Usimguse huyo mwanamke. Mpake vizuri."

Roselyne akatazama kile kichaka kichwani mwa Hezekiah. Ndipo akasema, polepole, kama mtu anayejaribu mguu kwenye maji, "Mimi si mtu wa kwao Mirriam?"

Siku iliyopangwa, asubuhi, Hezekiah akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, uani nyuma ya gereji, shati amevua. Simu iliwekwa juu ya dirisha, sauti imefunguliwa. Upande wa pili walikuwa wamejaa: kuku, watoto, viti vinavyoburutwa. Hannah, shangazi wa Mirriam ambaye ndiye angeshika wembe, alikuwa akipiga kelele kana kwamba simu ni bomba refu.

"Nani anamnyoa?"

"Ni mimi, Roselyne. Mtoto wa Naftali."

"Naftali yupi? Fundi baiskeli?"

"Ndiyo, mama."

"Huyo ni wetu kabisa. Baba yako alinitengenezea breki ikanitupa mtoni." Watu wakacheka. Sauti ya mzee mmoja ikapinga, ikasema mtu hanyolewi kwa simu, jambo hilo halijapata kuonekana. Hannah akamgeukia. "Mirriam alizikwa bila mume, hukusema kitu. Leo ndio umepata mdomo? Msichana, lowesha kichwa."

Roselyne akachota maji kwa bakuli alilokuwa akichanganyia rangi ya madam. Wembe ukaanza kisogoni. Nywele zikaanguka mapajani mwa Hezekiah, nyeusi na nyeupe. Nyeupe zilikuwa nyingi kuliko alivyodhani.

Hannah akasubiri mpaka asikie wembe, kisha sauti yake ikashuka. "Mirriam, mumeo ananyolewa. Yuko mbali. Ameomba, wamemkatalia. Usimngoje mlangoni."

Wakaanza wimbo wa kanisani. Hezekiah akainamisha kichwa, Roselyne akakiinua kwa kidole kama anavyofanya kwa wateja, kwa sababu hakuona vizuri anaponyoa; yeye pia alikuwa analia.

"Hezekiah," Hannah akasema wimbo ulipokwisha. "Umemaliza, baba. Ukija, karibu. Usipokuja, hatukudai tena."

Salio likaisha, simu ikakatika. Na lile neno la hatukudai ndilo lililomkaa. Miezi mitatu alikuwa na jambo moja duniani lisiloweza kwisha bila yeye kufika. Kila alipoomba ruhusa aliiomba kwa jambo hilo. Sasa limekwisha, kwenye ua wa mtu mwingine, na akisimama tena langoni mbele ya Baba Mishal atasema anakwenda kufanya nini?

"Nywele nizitie wapi?" Roselyne aliuliza. Kwao zingefagiliwa migombani. Hapa ua wote ulikuwa marumaru, na udongo uliokuwapo ulikuwa wa vyungu vya maua vya mwenye nyumba.

"Usizitie kwake," Hezekiah akasema. Akazikusanya kwenye fulana, akaifunga fundo, akaipeleka begini.

"Roselyne! Yalla!" madam aliita. Rawdah walikuwa wakisubiriwa.

Hezekiah aliwafungulia mlango wa gari, akaingia, akashika usukani. Upara ulikuwa unamwasha, na damu kidogo nyuma ya sikio. Aliona kwamba akiondoa gari bila kusema, itakuwa kama hakuna kilichofanyika.

"Madam," alisema, macho mbele. "Leo nimenyolewa msiba wa mke wangu."

Kwenye kioo, baibui likasogea. Madam Hessa alikuwa anajitazama kwenye simu, anasukuma shungi la asali lirudi ndani ya mtandio.

"Tayibu, sawa," alisema. "Zima huo upepo, Hezekiah. Unanikausha nywele."

Akauzima.