Shombo ya Mukeke

Kwetu Kalemie kila nyumba ina sheria yake juu ya samaki. Ya Mama Marthe ilikuwa hii: mwenye homa akila samaki, siku ya tatu anazikwa. Hakuisikia kwa mtu. Mumewe Grégoire aliposhikwa na homa, alimpikia mchuzi wa mukeke, naye siku ya tatu akafa. Miaka kumi na moja Mama Marthe alisema ni yeye aliyemuua, na hakuonja samaki tena, yeye aliyezaliwa ufukweni. Mimi jirani yake nilichoka kumbishia.

Kisha mkwe wake akashikwa na homa na mafua. Miaka ile ya Zaire majina ya ubatizo yalikatazwa katika biro za serikali, lakini nyumbani mvuvi huyu kutoka Baraka alibaki na lake la mtakatifu, Kizito. Mkewe Noëlla, binti wa Mama Marthe, alimlisha bugali na sombe, yale majani ya muhogo, asubuhi na jioni. Mama mkwe haingii chumbani kwa mkwe, kwa hiyo Mama Marthe alikaa mlangoni, ameupa mlango mgongo, akilinda.

Jumapili wanawake walipokwenda misa, mvuvi mwenzake Omer alimpitishia dirishani mikeke wawili wa kuchoma. Kizito akala mpaka vichwa, akatupa miiba, akanawa, akajifunika. Mjinga yule! Pua imeziba, hakujua shombo imejaa nyumba nzima. Hata mimi niliisikia upande wangu wa ua.

"Mukwe, umekula nini?" Mama Marthe akauliza kutoka mlangoni.

"Sombe, Mama."

"Sombe gani hii inatoka mu ziwa?"

Nilivuta kigoda nisikie matusi. Hayakuja. Aliketi akaanza kuhesabu siku. Jumatatu alishika rozari. Jumanne hakula. Jumatano, siku ya tatu, alikuja kuniuliza kama bado nina zile mbao zilizobaki nilipotengeneza mlango. Nilikasirika, nikamfukuza.

Alhamisi asubuhi Kizito alitoka nje, akapiga chafya, akaanza kushona wavu wake. Mama Marthe alimtazama usoni, jambo ambalo mama mkwe hafanyi.

"Uko muzima?"

"Niko muzima, Mama. Unisamehe, siku ile nilikula mukeke."

"Najua. Ulikula wangapi?"

"Wawili."

"Grégoire alikula nusu," akasema. "Nusu tu. Basi si mimi nilimuua."

Akaketi chini palepale akalia kwa sauti. Mchana alibisha kwangu, macho yamevimba, akiomba chumvi na ndimu.