Bega la Mzee Mbaruku

...na uzito huu, Subhanallah, uzito wote huu, watu sita wameishusha reli moja kutoka kwenye lori wakitweta, na Mzee Mbaruku, babu yake, alikuwa akibeba za namna hii kutwa kucha, Tanga kwenda bara, na Muhsin amesimama juu ya reli hii hapa Jeddah, moto wa gesi unafoka mkononi, hajakata, maana amefuta vumbi kwa kiganja akaona herufi za Kijerumani ubavuni, na mwaka, 1907, zilezile za reli ya kwao aliyokuwa akiivuka kwenda chuoni... "Kata bana, Muhsin, bosi anakuja!" huyo Odhiambo, mwenzake wa Kisumu, naam, nakata, lakini zimefikaje jangwani huku, hii ni ya Hijazi, Mjerumani alimsaidia Mturuki kuitandika ifike Madina, na ncha hii iliyokunjika kama jamvi ni baruti ya Mwingereza, na kule kwetu vilevile, Mjerumani alitandika, vita vikamzidi, akarudi nyuma akiing'oa Mwingereza asiipate, Mwingereza akaja akaitandika upya, na aliyeng'oa kwa amri ya huyu akatandika kwa amri ya yule ni Mzee Mbaruku, ndipo mtaani wakamwita popo, si ndege si mnyama, na Muhsin akapigana na watoto wenzake kwa jina hilo mpaka akachoka, akabaki kuona haya... na simu ya maandishi ya mkewe Saleha imo mfukoni, mtoto wa kiume, akika Ijumaa, mama yako ataka aitwe Mbaruku, jibu leo, naye jibu ameshaliandika, Haidar, jina safi lisilo na maneno ya watu, bado kulipeleka posta tu... "Yalla, ya Muhsin, yalla!" bosi huyo, chuma chakavu kinangojwa na meli ya Mjapani, na kabla ya bosi huyu Muhsin alimwaga zege kwa Wakorea Riyadh, kabla yao alikuwa kwa Mtaliano, kafili, mdhamini wake, wa tatu huyu katika ikama moja, kibali kilekile cha kuishi, nani amemwita popo? hakuna, wanasema baba watoto anahangaika, maskini... ee Mola, wafalme walichimbiana kaburi kwa ajili ya chuma hiki, Kaizari kaondoka, Sultani kaondoka, na yule mzee alikibeba, akakishusha, akakibeba tena, akarudi nyumbani na unga, na lile kovu lake begani, gumu kama kisigino, mtoto Muhsin akiliogopa, akikataa kupakatwa upande ule, na mzee hakukasirika hata siku moja, aligeuka taratibu akampa bega lile jingine, na moto unafoka, na bosi anaita, na reli haijakatwa, Mbaruku, aitwe Mbaruku, Mbaruku bin Muhsin...