Bolti Mbili za Landrova

Mimi si mtu wa kunyamaza, Mji wa Kale mzima wanijua kwa hilo. Lakini ugonjwa wa mume wangu niliunyamazia, na ningeendelea kuunyamazia mpaka leo kama si zile bolti.

Mume wangu Jamaldin ana Landrova kuukuu aliyoachiwa na babake. Siku aliponioa alipelekwa nayo, paa limevuliwa, amesimama kiti cha mbele mikono imeishika fremu ya kioo, watu wote wamuone. Basi Zakariya, kitinda mimba wetu, alipoposa tu akasema naye atapelekwa hivyo hivyo, na babake ndiye atakayeendesha. Jamaldin alifurahi, hata usingizi hakupata.

Sasa gari lile ukilivua paa, kioo cha mbele hakina cha kukishika juu. Kimesimama kwa bawaba mbili za chini tu. Mtu akikiegemea kinalala juu ya boneti, naye anakifuata. Ndiyo maana Jamaldin alitengeneza fito mbili za chuma kwa mkono wake, zamani, moja kila upande, kutoka pembe ya juu ya fremu mpaka kwenye bodi nyuma ya mlango. Zikikazwa bolti zake, hata wapande watu watano kioo hakitikisiki.

Lakini mwaka huu mzee ameanza kupotea. Aliswali alasiri, akatawadha, akaiswali tena. Alikwenda Liwatoni kununua samaki, akarudi kwa tuktuk, gari kaliacha huko huko, kisha akaniuliza nani kaliiba. Kaizar, yule Bohora wa duka la misumari hapo chini yetu, ndiye aliyekwenda kulichukua.

"Bi Mwanakuu," akaniambia, "mwambie Zakariya. Mficha maradhi, kilio humfichua."

Nikamwambia auze misumari yake aniachie mume wangu. Nilikuwa na uchungu. Fundi aliyeheshimiwa kisiwa kizima, mimi mkewe ndiye nipite nikimtangaza?

Siku ya harusi, asubuhi, Jamaldin alizifunga fito mwenyewe, akaniita nione. "Tayari," akasema, na uso wake ulikuwa wa furaha. Wanawake wakaja na misongo ya asumini, wakaizungusha fremu yote na fito zote, wakafunga kwa uzi. Gari likapendeza.

Baada ya alasiri wakaondoka. Matari mbele, Landrova nyuma mwendo wa kobe, Zakariya amesimama na joho lake, mikono juu ya fremu. Msafara ule ni wa wanaume. Mama wa bwana harusi hubaki dirishani na vigelegele vyake, nami nilivipiga mpaka koo likaniuma. Kisha nikaingia chumbani, nikaliokota shati la Jamaldin alilolivua asubuhi, kitandani, nilitundike. Lilikuwa zito. Mfukoni mlikuwa na bolti mbili na nati zake, zimepakwa mafuta.

Zile fito juu zilikuwa zimeshikwa na uzi wa asumini tu. Na mbele yao palikuwa na mteremko wa kushukia barabara kubwa, ambapo Jamaldin lazima akanyage breki, na mwanangu lazima aegemee kioo.

Nilijitupia buibui nikatoka, hata kiatu sina. Nikapenya katikati ya wanaume nikisukuma watu wazima kwa viwiko, huyu aniita, yule anivuta, sikusikia la mtu. Nikasimama mbele ya gari pale mteremko unapoanzia. Matari yakanyamaza.

"Mama, rudi ndani," Zakariya akasema kwa sauti ya chini. "Watutia aibu."

"Shuka," nikamwambia. "Shuka kwanza, aibu utaiona baadaye."

Akashuka, uso umemwiva. Nikaikata misongo, nikakisukuma kioo kwa mkono mmoja. Kikalala juu ya boneti kwa kishindo, ufa ukapita kutoka pembe hadi pembe.

Sikutaka mtu amcheke mume wangu. "Mimi ndiye niliyezitoa bolti," nikasema watu wasikie. "Nilikuwa nafuta gari, nikasahau kuzirudisha. Haya, nichekeni."

Wakaguna, mmoja akasema wanawake na magari wapi na wapi. Jamaldin akateremka. Nikamtia bolti kiganjani. Akazigeuza, akaziangalia. Nikangoja anikemee, na wallahi nilitamani anikemee. Akanisogelea sikioni.

"Mama Zakariya," akasema, "hivi vyaenda wapi?"

Nililia pale pale, mbele ya wanaume wote. Zakariya alikuwa kando yetu, amesikia. Akaniangalia mimi, akamwangalia babake, kisha akaniangalia tena.

"Tangu mwezi wa mfungo, mwanangu," nikamwambia. "Babako haendeshi tena."

Hakunilaumu. Alimshika babake mkono, akamzungusha upande wa pili, akamkalisha kiti cha pembeni. Kaizar akaleta spana, akakiinua kioo na ufa wake, akazitia bolti na kuzikaza, kisha akashika usukani. Zakariya akapanda akasimama katikati yao, na matari yakaanza tena.

Mimi nikafuata nyuma, miguu mitupu, na hakuna mwanamume aliyethubutu kunirudisha. Nilimwona Jamaldin ameukamata ule ufito wa upande wake kwa mikono miwili, jasho lamtoka. Kaizar akamwambia bolti zimekaza, auachie tu.

"Mwanangu amesimama," Jamaldin akasema, na akaushika hivyo hivyo mpaka msikitini.