Mtoto Aliyepata Nafuu

Ngazi za ofisi ya uhakiki zilikuwa arobaini na mbili, na Mama Bosi alizijua kwa magoti. Mgongoni alikuwa na binti wa miaka saba, kilo kumi na nane, amefungwa kwa shuka kama mtoto mchanga, miguu ikimning'inia mpaka kwenye mapaja ya mama yake. Aliyepanga ofisi ya watoto wasiotembea iwe ghorofa ya juu hakuwahi kujulikana. Ghorofa ya chini kulikuwa na stoo ya viti vibovu.

Mtoto aliitwa Bosi na wateja wa mama yake, ambaye alikuwa msusi. Walisema huyu kwenda haendi ila kwa kubebwa, kula hali ila kwa kulishwa, na ukimchelewesha anakukaripia kwa macho. Mtindio wa ubongo, daktari alisema. Bosi, walisema wateja, na jina likamganda yeye na mama yake.

Benchi la korido lilikuwa limejaa kina mama. Pale watu walisalimiana kwa kumtazama mtoto wa mwenzao kwanza, uso baadaye. Nafasi za dawa na mazoezi ya bure zilikuwa arobaini, na waliosubiri walikuwa wengi kuliko waliopata. Kwa hiyo mwenzako akikusifia mtoto, akikwambia shingo imekaza siku hizi, humwambii ahsante. Unamlaza mtoto begani haraka.

Mama Pacha alimsogezea nafasi. Alikuwa jirani yake wa ukuta kwa ukuta, mteja wake wa kila Jumamosi, na wa kumwachia Bosi akienda kuchota maji. Pacha wake mmoja alikimbia mpaka akavunja vyombo vya watu. Mwenzake hakukaa hata ukimwegemeza kwa mito. Huyo wa pili alikuwa wa kwanza kwenye orodha ya kusubiri. Kila siku ya uhakiki Mama Pacha alikuja kuuliza kama kuna aliyetolewa.

"Umemlegeza?" alinong'ona.

"Nimemlegeza."

Kulegeza hakukuandikwa kwenye fomu yoyote, lakini hapakuwa na mama asiyekujua. Wiki mbili kabla ya uhakiki unaacha mazoezi. Humnyooshi mtoto, humkalishi, humpi kijiko wala kikombe. Unamwacha arudi nyuma kidogo, maana alama zilitolewa kwa yale asiyoyaweza. Sitini kwenda juu, unabaki: dawa ya kifafa kila mwezi na mazoezi mara mbili kwa wiki. Ikipungua sitini, mtoto wako amepata nafuu, na ofisi inakutakia kila la heri.

Mama Bosi alikuwa amedanganya. Alijaribu siku tatu tu. Miezi kumi na moja alikuwa amemfundisha Bosi kushika kikombe, na siku ya tatu mtoto alilia akinyoosha kidevu kuelekea rafuni mpaka moyo ukamshinda. Akampa. Lakini hilo la kumwambia Mama Pacha lilikuwa jambo jingine. Huyu anaulizia nini, aliwaza. Anasubiri nafasi ya nani?

Ndani, mhakiki alikuwa mtu safi, mpole, asiyepandisha sauti hata siku moja. Kina mama walimwita Bwana Alama. Mezani kwake, kando ya fomu, kulikuwa na kikombe cha plastiki chenye vishikio viwili, maji nusu. Mama Bosi alikiona kabla hajaketi.

"Anakaa?"

"Hakai, mzee."

"Anasema?"

"Hasemi."

"Anakunywa mwenyewe?"

"Hawezi."

"Hawezi," Bwana Alama alirudia, asiandike kitu. Akakisukuma kikombe mpaka ukingoni mwa meza. "Tumjaribu."

Bosi alikitazama. Usikishike, mama yake aliomba kimoyomoyo, leo tu, mwanangu. Mkono wa mtoto ukatoka. Ukapotea njia, ukagonga meza, ukarudi. Vidole vikafunguka kimoja kimoja, vikashika. Akanywa, nusu ikimwagikia gauni, kisha akacheka na kumgeukia mama yake akingoja makofi, kwa sababu nyumbani alipigiwa makofi kila mara.

Mama Bosi hakupiga. Aliyepiga ni Bwana Alama, mara mbili, taratibu.

"Hongera, mama."

"Imetokea tu, mzee. Hajawahi."

"Wote huniambia hivyo."

"Nani amekwambia?"

"Ofisi ina macho, mama," alisema, akaandika hamsini na mbili.

Barua ilifika siku ya nne. Nafasi ya Bosi ilikuwa imekwenda kwa mtoto wa Mama Pacha.

Jumamosi Mama Pacha alikuja kusuka kama kawaida, akaketi kwenye kigoda, kichwa katikati ya magoti ya jirani yake. Mama Bosi alisuka upande mmoja, akivuta hata mwenzake akawa anakunja uso. Alipofika katikati ya utosi akasimama.

"Wewe ulimwona Bosi akishika kikombe."

"Mara ngapi? Si nilikuwa nampigia makofi na mimi?"

"Hakuna mwingine hapa uani aliyemwona."

Mama Pacha aligeuka, chanuo likiwa limechomekwa nyweleni. "Jirani, unasemaje?"

"Sisemi kitu. Kikulacho ki nguoni mwako. Inuka."

"Nusu kichwa?"

"Kamalizie kwa Bwana Alama."

Mama Pacha alivuka uani, upande mmoja umesukwa, upande wa pili umesimama. Wanawake waliokuwa bombani wakanyamaza mpaka alipofunga mlango, kisha wakaanza kusema wote kwa pamoja.

Wiki iliyofuata Mama Bosi alikwenda kituo cha mazoezi kuuliza kama angalau wangemkubalia siku moja. Kituo kilikuwa kimebanana na ofisi ya uhakiki, mlango kwa mlango, chini ya paa moja. Hakufika kwa dada wa mazoezi. Alisimama kwenye ubao wa matangazo wa mlango wa wafanyakazi, ambao hakuwahi kuupitia, maana mlango wa watoto sasa ulikuwa wa walio kwenye orodha tu. Bosi alikuwa pale, mkubwa kuliko alivyo, kikombe kinywani, macho yakicheka. Chini yake waliandika kwa wino mwekundu: TUNAWEZA! MIEZI KUMI NA MOJA YA MAZOEZI.

"Hii picha iko hapa tangu lini?"

"Miezi miwili," alisema dada wa mazoezi. Alikuwa msichana mwema, na macho yake yalianza kulengwalengwa na machozi. "Wafadhili wanataka kuona watoto wanaoendelea, Mama Bosi. Tusipowaonyesha, kituo kinafungwa. Nilimchagua Bosi kwa sababu ndiye ninayejivunia."

"Na Bwana Alama hupita hapa?"

"Chai anakunywa hapa. Kila siku saa nne."

Mama Bosi aliinua mkono kuibandua, kisha akaushusha. "Nibandulie basi."

"Naweza kuibandua. Lakini ilishatumwa kwa wafadhili."

Alirudi nyumbani, akachukua chanuo na kwenda kugonga kwa jirani. "Kaa nikumalizie," ndiyo maneno aliyoweza. Siku zote hizo Mama Pacha alikuwa amejifunga kitambaa. Akakifungua, akaketi.

"Ungeniuliza tu," alisema baadaye, akiwa ameinamisha kichwa.

"Ningekuuliza."

"Mimi nilikuwa nataka nafasi, sikatai. Sikutaka ya Bosi."

Chupa ya mwisho ya dawa iliisha mwezi huo. Bosi alianza kuanguka kifafa: kwanza mara moja kwa wiki, kisha kila siku, macho juu, taya zimefungana, mara moja akauma ulimi mpaka damu ikaloa mto. Duka la dawa la hospitali lilisema dawa ile ni ya walio kwenye orodha tu. Ndipo Mama Pacha alipoanza kuja asubuhi na kifuniko cha chupa, akikishika kwa mikono miwili asimwage. Dawa ya mwanawe aliigawa nusu kwa nusu. Hakuombwa. Alimmiminia Bosi mdomoni, akamfuta kidevu, akaondoka kuwahi kibarua.

Bosi akapunguza kuanguka, ila hakuacha. Siku moja yule pacha naye akaanguka pale bombani, mbele ya watu, miguu ikipiga ndoo.

"Joto tu," alisema Mama Pacha, akimbeba.

Kesho yake akaja na kifuniko kama jana.

Barua ilikuwa imesema mzazi anaweza kurudi baada ya miezi sita, iwapo hali imerudi. Basi Mama Bosi akamlegeza mwanawe, safari hii bila mchezo. Kikombe alikigawa kwa mtu wa mtaa wa pili ili Bosi asikione, wala yeye mwenyewe. Alimnywesha Bosi kwa kijiko, mkono wa mtoto ameubana kwapani mwake. Wiki za mwanzo Bosi alipigana, akatema, akanyoosha kidevu rafuni. Mwezi wa pili akaacha kunyoosha. Mwezi wa nne mama hakuwa na haja tena ya kuubana ule mkono. Alijichukia kila mlo, na hakuacha hata mlo mmoja.

Upande wa pili wa ukuta, mambo yalikwenda kinyume. Jioni moja Mama Pacha alimwita kwa kunong'ona. "Njoo uone. Funga mlango kwanza." Mwanawe alikuwa sakafuni, mgongo wazi, hakuna mto, hakuna ukuta. Alikuwa amekaa. Walihesabu mpaka ishirini na tano kabla hajaegemea upande, wakacheka wote wawili huku wameziba midomo kwa viganja, uani wasisikie.

"Usimwambie mtu," Mama Pacha alisema, machozi yakimtoka.

"Nimwambie nani?"

Siku ya uhakiki Mama Pacha aliomba ruhusa kibaruani amsaidie kupandisha ngazi. Bosi alikuwa amerefuka. Mmoja alimbeba kwapani, mwingine magotini, wakipumzika kila ngazi ya kumi, na Mama Pacha akatania kwamba wakubwa wa ofisi hawapandi ngazi kwa miguu yao, huyu ndiye bosi wa kweli. Alibaki nje kwenye benchi.

Bwana Alama aliweka kikombe. Mkono wa Bosi ulikuwa pajani, kiganja juu, vidole vimejikunja. Bwana Alama alisubiri. Akakisogeza karibu zaidi, maji yakacheza. Bosi alikitazama kama anavyotazama kitu chochote. Mama yake alijikuta anamwomba kimoyomoyo akishike.

"Sabini na moja," alisema Bwana Alama mwishowe. "Pole, mama. Hali imerudi kweli."

"Ahsante, mzee."

"Ila nafasi zimejaa."

Hakuelewa. "Si alama zimetosha?"

"Alama zimetosha. Nafasi ndiyo hakuna. Arobaini ni arobaini."

"Mzee, mtoto anaanguka kila siku. Juzi alikaa robo saa hajazinduka. Nifanye nini?"

Bwana Alama alifungua mtoto wa meza, akatoa karatasi ndogo isiyo na kichwa wala mhuri, akailaza mbele yake na kalamu juu. Aliongea kwa upole uleule.

"Nyinyi mnaishi pamoja, mnajuana. Wapo watoto wamepata nafuu, na mama zao wanaficha. Wewe mwenyewe ulinificha, sikukasirika. Ukimjua mmoja, andika. Nikithibitisha, Bosi anaondoka leo na dawa yake."

"Na jina langu?"

"Halitajwi popote."

Mama Bosi aliitazama karatasi. "Mara ile," alisema, "na mimi niliandikwa?"

"Hatusemi, mama."

Jibu alikuwa nalo. Aliiona picha kwa macho yake, na wino mwekundu chini yake. Lakini sasa alikuwa anatamani aliyemwandika awe ni Mama Pacha. Alitamani kwa nguvu zake zote, na kadiri alivyotamani ndivyo ilivyoanza kuwezekana: kwa nini aliuliza kama amemlegeza, kwa nini nafasi ikaenda kwake na si kwa mwingine, kwa nini agawe dawa mtu asiye na deni moyoni. Nje alisikia sauti ya Mama Pacha ikimwomba mtu asogee kwenye benchi, amwekee jirani yake nafasi, atatoka amechoka.

Bosi alikohoa, mate yakamtiririka shingoni mwa mama yake. Mama Bosi alimhamishia bega la kushoto, mkono wa kulia ukabaki mtupu.

"Niandike jina la mtoto," aliuliza, "au la mama?"

"Yote mawili," alisema Bwana Alama, "kama unayajua."