Vidole vya Baba na Mama

Mama alikaa nyuma yangu tangu asubuhi, kitenge magotoni, akingoja kumwona baba kwenye skrini. Jumamosi tulitarajia kusimika msalaba kaburini kwake Nanyala, na mama alitaka kitu kimoja tu: aonekane na mumewe angalau mara moja. Maisha yao yote hawakuwahi kupigwa picha pamoja. Mimi nina studio ya video hapa Tunduma, basi nikajitia ujuzi. Kutokana na picha zao mbili za ujana, kila mtu na yake, nikawachonga kwenye kompyuta wakitembea katikati ya shamba la kahawa, wameshikana mikono, vidole vimepitana.

Vidole hivyo vikaninyima raha. Kila mmoja alitoka kwenye kompyuta kivyake na maski yake, ile picha ya rangi nyeupe na nyeusi inayosema nini kibaki na nini kikatwe. Nikiwaunganisha, kati ya kidole na kidole unabaki uzi mwembamba wa kijani, kahawa ya nyuma inachungulia. Nikapanua kingo za maski, vidole vikavimba. Nikaiweka picha ya baba juu ya ile ya mama, uzi bado upo. Nikatoka nje nikayatazama malori kwenye foleni ya mpakani, nikarudi, nikakaa, nikainuka tena.

Ikram, mwenzangu wa studio, alichungulia akacheka.

"Unamlaza mmoja juu ya mwenzake, Ferista. Pale ukingoni kila mmoja ana nusu tu ya rangi yake, na nusu juu ya nusu haijazi. Wajumlishe kwanza na maski zao wawe kitu kimoja, ndipo uwaweke shambani."

Uzi ukatoweka. Nikajiona fundi kwelikweli, nikamgeuzia mama skrini.

Alivitazama vile vidole. "Huyu aliyenishika mkono ni nani?"

Nikamwambia ni baba. Akatikisa kichwa. Baba hakuwahi kumshika mkono njiani, watu wangesema nini? Yeye alitangulia, mama akafuata.

Nilikasirika, sikatai. Siku nzima nimepigania vidole ambavyo havikuwahi kushikana! Nikawatenganisha kwa hasira, nikamweka baba mbele, hatua kadhaa, amempa mama mgongo. Hapakuwa tena na cha kuunganisha.

Mama akainuka, akasogea karibu kabisa na skrini. Machozi yakamtoka.

"Ndiye," alisema. "Sasa mwanangu, mwambie asiende haraka."