Mtungi wa Sita

Saa moja na robo asubuhi, siku ya Jumatatu, mitungi sita ya kuzimia moto ilikuwa imeshatoka getini kwa shule ya Bagara na kushika barabara ya Singe. Ilitembea kwa mstari, pembeni kabisa, upande wa kulia kama watoto wa shule wanavyofundishwa, mipira yake ikiburuzika kwenye vumbi. Mtu mmoja aliyekuwa anavusha ng'ombe aliwazuia mpaka ikapita. Nyuma yake alikuja Ursula, matroni wa bweni la wasichana, kandambili mguuni, anatembea haraka lakini hakimbii.

"Shikamoo, Mama Vailet," akasema Anselmi, dereva wa bodaboda, akipunguza mwendo. "Unaisindikiza au unaifukuza?"

"Marahaba. Nakwenda kurudisha mmoja."

"Hiyo haifugiki, mama. Imeshazoea barabara."

Mambo yalikuwa hivi. Shule tatu za bweni, moja Bagara, moja upande wa Singe na moja Bonga, zilinunua mitungi hiyo kwa pamoja, na wakuu wake wakakubaliana iwe inatangulia popote mkaguzi anapokwenda. Miaka miwili ilibebwa na pikapu. Pikapu ilipokufa gia, wakuu walikaa kikao kuzungumzia usafiri, na kabla hawajaelewana mitungi ikaanza kwenda yenyewe, maana njia ilikuwa inaijua. Kikao kikafungwa. Mkaguzi, Bwana Laurian, alikuwa anaipita njiani na pikipiki yake ya kazi, anapiga honi kidogo, kisha anaisubiri huko mbele na kikombe cha chai.

Ursula alikuwa na wasichana themanini na wanne, bweni lenye mlango mmoja, na madirisha ya nondo. Alishaomba nondo zikatwe. Akajibiwa kwamba nondo ni usalama.

Aliushika mtungi wa mwisho, ule uliobonyea ubavuni, karibu na daraja. Haukubisha. Ile mitano mingine haikugeuka nyuma. Akaupeleka moja kwa moja jikoni kwa Damasi, mpishi wa shule, wakaupandisha kwenye mizani ya maharage. Karatasi ya ubavuni ilisema ndani kuna unga wa kuzimia moto, kilo tisa. Mizani ikasoma kilo nne, na hizo zilikuwa za chuma.

"Tumboni hamna kitu," akasema Damasi. "Hata mimi ningezurura."

Siku hiyohiyo Ursula akaufunga kwa kanga nyuma ya pikipiki ya Anselmi, akaupeleka kwa Shaaban, fundi mwenye kibanda nyuma ya stendi. Kibao chake kiliandikwa kwamba anajaza mitungi ya moto, lakini tangu akitundike alikuwa anajaza upepo wa baiskeli tu. Shaaban aliufungua, akaupangusa ndani, akatia unga na gesi, akafunga pini kwa waya. Ursula akamlipa gunia moja la mahindi ya shamba lake. Kurudi, pikipiki ilipanda mlima kwa shida.

Mtungi uliojaa hautembei. Hilo lilijulikana Alhamisi, mitungi mitano iliporudi kulala kisha ikaondoka tena. Ule wa sita ulitikisika kidogo pale mlangoni kwa bweni, ukatulia. Na kila Jumamosi kuanzia hapo Ursula aliwapanga wasichana mstari, akawafundisha: vuta pini, lenga chini, bonyeza. Walicheka mwanzoni. Baadaye walifanya wakiwa wamefumba macho, kwa sababu aliwaambia moshi hauna taa.

Upande wa Singe, Jumatatu ile, mkaguzi alikaa kwenye benchi mpaka jioni akisubiri wa sita. Haukufika. Akaandika mitano. Simu ikapigwa, na Mwalimu Theodori, mkuu wa shule ya Bagara, akamwita Ursula ofisini.

"Matroni, umwage huo unga."

"Siumwagi, Mkuu."

"Unatugombanisha na majirani. Wao mtungi wetu wanautegemea."

"Wanautegemea kwa kuhesabu. Mimi nautegemea kwa moto."

Akapewa barua ya kujieleza, ndani ya siku saba. Alijibu siku ileile, kwa kalamu ya risiti za kantini: "Natakiwa kueleza kwa nini mtungi haukwenda kazini. Mtungi umejaa." Mwalimu Theodori akaisoma mara mbili, akaiweka kwenye faili. Shule ya upande wa Singe, kwa upande wake, ikapaka debe rangi nyekundu na kulisimamisha mwisho wa mstari. Bwana Laurian alipopita tena akaandika sita.

Zamu ya Bagara ilipofika, Ursula alimsubiri mlangoni kwa bweni.

"Ubonyeze," akamwambia. "Halafu kaubonyeze na ule pale."

"Mama, fomu haiulizi kama kuna kitu ndani. Inauliza upo au haupo."

"Fomu haiulizi. Nakuuliza mimi."

Laurian hakuwa mtu mbaya. Alimweleza kwa upole kwamba mwaka wake wa kwanza kazini aliwahi kuandika jambo pembeni mwa fomu, ikarudishwa kwa kuwa imechafuliwa. Kisha akaweka vema kwenye "upo", mara sita, akaomba maji ya kunywa.

Jumamosi moja ya mwezi wa tisa, saa nane mchana, pasi ya mkaa iliachwa juu ya godoro. Wasichana wote walikuwa ndani, wengi wanasuka nywele. Moto ulishika godoro, ukashika pazia, moshi ukajaa kati ya vitanda na mlango. Mitungi mitano siku hiyo ilikuwa Bonga. Conjesta, wa kidato cha pili, aliufikia ule wa sita kwa kupapasa. Akavuta pini, akalenga chini, akabonyeza. Unga mweupe ukatoka mpaka ukaisha, na moto nao ukaisha. Themanini na wanne walitoka nje weupe kama waliokuwa wanasaga mahindi, wakikohoa. Ursula akawahesabu mara tatu.

Jumatatu mstarini Mwalimu Theodori aliushukuru mtungi, wanafunzi wakapiga makofi. Ursula akaomba ujazwe. Akajibiwa kwamba ombi lake litapelekwa kikao cha mwakani. Makofi yalikuwa bado yanaendelea mitungi mitano ilipopita kuelekea Singe, na ule wa sita, ambao sasa ulikuwa mwepesi, ukaondoka pale mlangoni kwenda kushika nafasi yake ya nyuma.

Ursula aliwahi geti, akalifunga kwa kufuli, ufunguo akautia kifuani.

"Huu hautoki."

"Matroni, wenzetu wanakaguliwa leo."

"Na sisi tunaungua lini? Nipangie siku, Mkuu, niwaandae watoto."

Mlinzi alikuwa na ufunguo wa pili. Geti likafunguliwa, mtungi ukapita. Ursula akavua koti lake la umatroni, akalitundika kwenye geti, akaufuata.

Mwalimu Theodori alipandishwa cheo kwa rekodi nzuri ya utayari. Bwana Laurian amestaafu. Anayetumia fomu sasa ni kijana mpole, na fomu ina maswali yaleyale. Pazia lilibadilishwa. Nondo zipo. Damasi bado anapika. Conjesta amemaliza kidato cha nne, amejifunza kuchomelea vyuma, na ameshaiandikia shule barua mbili kwamba nondo hizo atazikata bure. Hajajibiwa. Kwa Shaaban, mteja ni yuleyule mmoja.

Ursula aliandikiwa kwamba ametoroka kazini. Anaishi Singe, shamba lake liko kando ya barabara inayopitiwa na mitungi. Kila akivuna hukamata mmoja, huupeleka ukajazwe, kisha huubeba kichwani mpaka Bagara, hupita getini bila kumsalimia mtu, na huusimamisha mlangoni kwa bweni. Kabla ya ukaguzi unaofuata huwa umeshamwagwa ili uweze kwenda. Naye hurudia. Mwaka huu mvua imekubali. Anatarajia, ukiacha ya kula, magunia sita.