Silinda ya Tatu

Datius alipoileta pikapu yake gereji kwangu kwa mara ya tatu, hakushuka. Alikaa nyuma ya usukani, mikono magotini, akaniacha nisikilize mwenyewe. Injini ilikuwa inatetemeka kama mtu mwenye homa. Nilijua ni silinda ipi kabla sijafungua boneti, na nilikasirika, maana valvu ya silinda hiyo niliiweka mimi, mpya, nikaisaga kwa mkono wangu mpaka ikakaa sawasawa.

"Imekataa tena," alisema. "Palepale."

Palepale maana yake ni mlima wa Kishanda, mbele ya nyumba ya shangazi yake, Klaudia. Datius ananunua ndizi na kahawa huko juu na kuzishusha hapa Muleba, na njia yake ni hiyo moja. Mlima huo ni mkali, na penye ukali kuliko pote ndipo ilipo nyumba ya Klaudia. Kwenye tambarare silinda tatu nzima huufunika uvivu wa moja mbovu. Penye mlima, tena na mzigo, aibu yote hutoka nje. Nilishamweleza hayo, na kila nilipomweleza alinitazama kama mtu anayesubiri mvua ikatike aende zake.

Hakutaka maelezo yangu kwa sababu alikuwa na ya kwake. Yeye na Klaudia wanagombania kibanja cha babu. Klaudia ni mjane, hana mtoto, na amegoma kuhama kwa sababu wazazi wake wamezikwa pale kati ya migomba. Kwenye kikao cha ukoo alimwambia Datius mbele ya watu kwamba mzigo wake hautapita salama mlangoni kwake. Maneno ya hasira tu. Mimi huwa nasema mabaya zaidi supana ikiniponyoka. Lakini haukupita muda, gari likaanza kuishiwa nguvu mlangoni kwake.

"Itengeneze, Joanitha," Datius alisema akinikabidhi ufunguo. "Ikirudia, sitailaumu gereji tena. Nitajua pa kwenda."

Hakupandisha sauti. Ningependa angepandisha, ningemjibu.

Alipoondoka tu, mkewe Annastella alinipigia simu kutoka Kishanda. Aliongea chinichini.

"Dada Joanitha, waitu, nakuomba lile gari lipone. Shemeji yangu Protase amekuja na watu nisiowajua. Wakishakula wanatoka nje kuzungumza, na nimesikia wanamtaja shangazi. Unajua bibi kizee akishasemwa ni mchawi huwa inakuwaje."

"Mwambie ahame kwa muda. Aende kwa masista."

"Nimemwambia. Anasema akilala nje hata usiku mmoja, asubuhi atakuta ua wa mtu mwingine. Na miguu yenyewe imevimba, hatembei bila kushikwa."

Nikaweka simu mfukoni, nikaanza upya, kama vile sijawahi kuliona gari hilo. Nikaliwasha, nikachomoa waya wa plagi ya kwanza. Injini ikayumba, ikataka kuzima. Nikaurudisha. Nikachomoa wa pili, ikayumba vilevile. Wa tatu nilipouchomoa hakuna kilichobadilika, ni sawa na kumwambia anyamaze mtu ambaye tayari yuko kimya. Nikahamisha plagi, nikahamisha waya. Ugonjwa ukabaki hapohapo. Nikafunga geji ya kompresheni kwenye tundu la plagi, sindano ikanyanyuka kidogo na kukata tamaa. Nikamimina kijiko cha oili ndani ya tundu hilo nikapima tena. Kama ni ringi za pistoni zinazovujisha, oili huziba kwa muda na geji hupanda. Haikupanda. Basi ilikuwa valvu, valvu yangu.

Nilipoinua hedi niliikuta imeungua ukingoni, imemeguka. Niliwatukana wauza vipuri wote wa Bukoba, mmoja mmoja, kwa majina yao. Kisha nikakaa juu ya tairi, nikajilazimisha kufikiri. Mpaka hapo nilikuwa natibu kilichokufa bila kuuliza kinachokiua. Valvu huunguzwa na joto. Sasa kwa nini joto liikamate hiyo moja, mara kwa mara, na jirani zake wawe wazima?

Nikachukua kopo la maji, nikayamimina kwenye vijitundu vinavyozunguka silinda, vile ambavyo maji ya rejeta hupita kuipoza injini. Kwenye silinda ya kwanza yakamezwa. Ya pili yakamezwa, na ya nne pia. Pembeni ya ile ya tatu maji yalisimama, yakanitazama.

Hapo nilikumbuka kwamba kabla yangu injini hii iliwahi kufunguliwa na fundi Clavery wa Hamugembe, kule Bukoba, ilipokatika gasketi. Nami nimefanya kazi Hamugembe, najua tunavyofanya. Gereji za kule ziko katikati ya migomba, hazina paa la maana. Injini ikiwa wazi na mvua ikaja, fundi hakimbilii tambara. Anachuma byai, yale maganda makavu ya mgomba, anayasokota na kuyapiga fundo, anaziba kila tundu, kama mama anavyoziba kibuyu cha rubisi, pombe ya ndizi. Clavery ana ziada yake: kila kizibo hukifunga mkia wa kitambaa chekundu, ili asikisahau.

Nilikunja waya, nikauingiza, nikavua taratibu kama mtu anayevua samaki mjanja. Kilikuwa kimezama chini kabisa. Kilitoka cheusi, kimepikwa na kukakamaa, fundo lake bado limekaza, na mkia mwekundu umejiviringisha juu yake mara kadhaa. Nilicheka peke yangu pale gereji. Nilifurahi kweli, kwa sababu nilijua nimemwokoa yule bibi. Sasa kulikuwa na sababu ya kushikika kwa mkono, na Datius angeiona kwa macho yake.

Nikakiweka juu ya mfuniko wa kopo la grisi. Nikaosha njia zote za maji, nikaweka valvu nyingine, nikaisaga, nikafunga hedi na gasketi mpya. Geji ikapanda sawa na kwa wenzake. Nikapakia mawe nyuma, nikaipandisha pikapu mlima wa nyuma ya soko. Ilipanda kama haina kitu, injini haikupandisha hata sauti.

Datius alikuja kuichukua jioni, jua bado lipo, ameongozana na mdogo wake Protase. Nilimpa usukani, akaizungusha mjini akarudi. Nilimwona analegea mabega. Nilidhani yamekwisha.

"Njoo uone mchawi wako," nilimwambia, nikamwonyesha mfuniko.

Hakukigusa. Aliinama, akakitazama muda mrefu. Protase alirudi nyuma hatua moja.

"Hiki kimetoka ndani ya injini yangu?"

"Ndani kabisa, pembeni ya silinda ya tatu. Kilizuia maji, silinda ikakosa kupozwa, valvu zikawa zinaungua. Ni kizibo tu, Datius. Clavery alikisahau."

"Kina fundo," alisema. "Kina kitambaa chekundu."

"Ndivyo Clavery anavyovifunga. Muulize mtu yeyote wa Hamugembe."

Aliinua macho. Hakuwa na hasira. Alikuwa ametulia, kama mtu aliyemaliza mahesabu yake.

"Mganga aliniambia kuna kitu kimefungwa ndani ya gari," alisema. "Sikumwamini. Waganga husema mengi. Nikajisemea, nitampelekea Joanitha. Joanitha haamini mambo hayo, akikiona yeye, basi kweli kipo."

Nilimpigia Clavery palepale na kuweka sauti ya juu ili wote wasikie. Nilimwambia ni Joanitha wa Muleba, nikamtajia pikapu, nikamuuliza alizibia matundu kwa kitu gani siku ile alipobadilisha gasketi. Kulikuwa na nyundo inagonga upande wa pili. Ikanyamaza.

"Mwenye gari yupo hapo?" Clavery aliuliza.

"Yupo. Sema ukweli tu, hakuna anayekudai."

"Mimi natumia matambara safi, waitu. Byai ni mambo ya zamani. Siku hizi nani anaweka byai kwenye injini ya mtu?"

Akakata. Nilipiga tena, simu ilikuwa imezimwa. Kama ingewezekana kumkaba mtu kupitia simu, Clavery angezikwa siku ileile. Aliogopa kulipishwa injini. Mwoga yule alikuwa anaokoa jina lake la ufundi, wala hakujua ameuza kitu gani.

"Anadanganya," nilisema. "Datius, nisikilize. Mimi nimefanya kazi na yule mtu."

"Umefanya kazi nzuri," alinijibu. "Asante."

Alitoa leso, akakifunika kile kizibo bila kukigusa, akakiweka ndani ya gari, juu ya dashibodi. Nilishika mlango wa gari nikamwambia hatoki. Protase aliutoa mkono wangu kwenye mlango, kidole kimoja kimoja, bila kunitazama usoni. Pikapu iliwaka mara moja. Injini ilikuwa laini, silinda zote nne zinaimba pamoja, na ilishika barabara ya Kishanda.

Nilimpigia mwenyekiti wa kijiji. Alikuwa Bukoba msibani, akasema atampigia mtu, akakata. Nikampigia Annastella.

"Mtoe Klaudia. Sasa hivi. Wanakuja, Datius na Protase, na wamepata kitu wanachokiita ushahidi. Mbebeni, mumpeleke kwa masista."

Nilisikia pumzi yake, kisha ndara zinakimbia.

"Nipo kwake hapa," alisema. "Amekaa tu kitandani, anasema haendi popote. Nitambembeleza, dada. Nitaita na wanawake wa jirani wanisaidie kumbeba. Muda upo."

"Muda haupo."

"Upo. Lile gari nalijua. Likifika chini ya mlima linaanza kulia, linasimama, wanashuka kusukuma. Tunalisikia kutoka mbali kabisa. Tukilisikia tu, tunampitisha nyuma kwenye migomba, hawatamwona."

"Annastella, msingoje kulisikia."

"Kwa nini?"

Mkono wangu ulikuwa bado una grisi, simu inateleza sikioni. Barabara ya Kishanda ilikuwa tupu, hata vumbi lao lilishatua.

"Nimelitengeneza," nilisema.